Je, Niende Kuwahudumia Watoto wa Makao kwa Wiki Mbili?

*Swali: Shikamoo, mtaalamu. Nina umri wa miaka 23 na ninafundisha shule ya Jumapili. Kanisa letu linaandaa safari ya umisheni ya wiki mbili katika nchi nyingine. Siku nane tutakuwa kwenye makao yenye watoto wapatao arobaini, wakiwemo wachanga, na siku zinazobaki tutaendesha semina ya Biblia kwa watoto wa usharika wa jirani. Nimeitazama video ya timu ya mwaka jana: watoto wanawakimbilia wageni, wanawakumbatia shingoni, na siku ya kuagana wengine wanalia. Nililia na mimi. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, bibi akanilea, kwa hiyo nina mzigo mkubwa na watoto wasio na wazazi. Lakini rafiki yangu aliyesomea ustawi wa jamii ameniambia kwamba safari hizi zinawaumiza watoto, na tangu siku hiyo sina amani. Kiongozi wetu anasema hatuhitaji mafunzo wala nyaraka, upendo unatosha. Sehemu ya pili ya mchango wa safari inatakiwa mwisho wa mwezi. Je, upendo unaweza kumdhuru mtoto? Niende au nisiende?*

Marahaba, binti yangu. Barua yako imebeba maswali mawili, na nitayatenganisha kwa sababu majibu yake hayafanani. La kwanza ni kama ni sahihi kwa mgeni wa siku nane kuwabeba, kuwalisha na kuwalaza watoto wanaoishi kwenye makao. La pili ni kama ni sahihi kwa mgeni kuwafundisha Biblia kwa siku chache watoto ambao jioni wanarudi kwao. Kwa lile la kwanza nakushauri usiende kama safari itabaki ilivyopangwa. Kwa la pili unaweza kwenda, kwa masharti nitakayoyaeleza. Wala sisemi hivyo kwa kuudharau wito wako. Nami ni mwamini, nimefanya kazi ya ulinzi wa mtoto kwa miaka mingi, na nimekutana na watu wengi wenye moyo kama wako ambao hakuna aliyewaeleza mambo haya kabla hawajapanda ndege.

Umeuliza kama upendo unaweza kumdhuru mtoto. Upendo haumdhuru. Kinachomdhuru ni kupendwa na kuachwa, kisha kupendwa tena na mtu mwingine na kuachwa tena, mara nyingi kiasi kwamba kuachwa kunakuwa ndiyo kawaida ya maisha yake. Wewe utaondoka mara moja tu, lakini mtoto aliye kwenye makao yanayopokea timu kila likizo anaachwa kila likizo, na timu yenu itakuwa moja katika msururu ambao hamwezi kuuona mkiwa ndani ya siku zenu nane.

Turudi kwenye ile video. Mfikirie mtoto wa miaka miwili anayelelewa nyumbani, halafu mgeni asiyemjua anaingia mlangoni. Kwanza hujibanza nyuma ya mguu wa mama au bibi. Huchungulia, hutazama uso wa mlezi wake kuona kama mgeni huyu ni mtu salama, hurudi kujificha, na huenda zikapita dakika nyingi kabla hajakubali kupokea hata kitu mkononi mwake. Mtoto huyo hana tatizo lolote. Anafanya hivyo kwa sababu anajua yeye ni wa nani. Mtoto wa umri huohuo anayemkimbilia mtu ambaye hajawahi kumwona, akamrukia shingoni na kumwita mama, anatuonyesha jambo tofauti kabisa na furaha. Wataalamu wa malezi wanauita mwenendo huo urafiki usiochagua, na umeonekana mara kwa mara kwa watoto waliokulia mikononi mwa walezi wengi wanaobadilishana. Mtoto amejifunza kwamba watu wazima hupita, na kwamba anayewahi kushika mkono wa mgeni ndiye anayebebwa. Kwa hiyo kilichokutoa machozi kama ishara ya upendo, mtu wa kazi yangu hukitazama kama ishara ya jeraha.

Jeraha hilo lina maelezo yanayoeleweka vizuri. Mtoto mchanga hawezi kujituliza mwenyewe. Akilia kwa njaa, kwa baridi au kwa hofu, anahitaji mtu amchukue na amtulize, na mtu yuleyule akifanya hivyo mara mia na mara elfu, mwili na akili ya mtoto hujifunza kwamba shida ina mwisho na kwamba kuna mtu anayekuja. Huo ndio mfungamano wa mtoto na mlezi wake. Daktari Mwingereza John Bowlby aliuandikia ripoti mwaka 1951 kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, akieleza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa joto na wa kudumu na mama au mtu anayechukua nafasi ya mama. Neno la kudumu ndilo ninaloomba ulishike. Bowlby na mwenzake James Robertson waliwatazama pia watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi wao kwa kulazwa hospitalini, wakaona kwamba kwanza mtoto hulia na kupinga, baadaye hukata tamaa na kunyamaza, na mwisho hujitenga kihisia, akaonekana mtulivu na mwenye kukubaliana na kila mtu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba watoto huzoea haraka na kwamba nusu saa baada ya basi la wageni kuondoka wanakuwa wametulia, usiuchukue utulivu huo kama uthibitisho kwamba hawakuumia. Ukimya wa mtoto mdogo baada ya kilio kirefu unaweza kuwa ndio hatua ya pili.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia iligundua kwamba zaidi ya watoto 100,000 wa nchi hiyo walikuwa wakiishi kwenye taasisi za serikali. Kuanzia mwaka 2000, watafiti wakiongozwa na Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi mjini Bucharest, wakiwagawa kwa bahati nasibu: baadhi yao walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, yaani familia zinazokubali kumlea mtoto asiye wao, na wengine waliendelea na utaratibu uliokuwepo. Waliopata familia waliwapita wenzao katika ukuaji wa akili na katika uwezo wa kujenga mfungamano, na kwa mengi kati ya mambo hayo waliofaidika zaidi ni wale waliopata familia kabla ya kutimiza takribani miaka miwili. Wachanga wa makao mnayokwenda wako katika umri huohuo. Wanachohitaji ni mtu mmoja atakayekuwepo kesho, na mwezi ujao, na siku watakapoumwa usiku. Mikono mingi ya wageni haijazi nafasi hiyo, na mara nyingine inamwondoa mtoto kwenye mikono ya mlezi wa kila siku, ambaye baada ya wageni kuondoka atabaki na watoto wanaokataa kula, wanaokojoa kitandani na wanaopigana ovyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea makao fulani kwa kazi ya ukaguzi. Mvulana wa miaka kama mitano alikuja kukaa karibu nami kwenye benchi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vikuku saba vya uzi na plastiki, vya rangi mbalimbali, kimoja kimeanza kumbana, na kila kimoja kilikuwa kimetoka kwa mtu wa timu fulani. Alinigusa mkono, akaniuliza: "Unaondoka lini?" Hakuuliza jina langu. Nilipomwambia kwamba ninaondoka jioni, alitikisa kichwa kukubali, akashuka kwenye benchi na kwenda kucheza. Sijawahi kuisahau sauti yake ya kawaida kabisa aliyoulizia swali hilo, kama mtu anayeuliza saa.

Dhana ya pili ninayotaka kuirekebisha ni kwamba watoto hao hawana wazazi. Wapo yatima wa kweli, lakini si wengi kiasi ambacho neno lenyewe linatufanya tuamini. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye taasisi duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Sababu kubwa inayowafikisha huko ni umaskini: mzazi amekosa karo, amekosa chakula, mtoto ana ulemavu na hakuna huduma karibu, au mtu amefika kijijini na kuahidi shule nzuri. Fedha na wageni kutoka nje vinaweza kuuongeza mwendo huo. Nchini Kambodia idadi ya makao ilipanda kutoka 154 mwaka 2005 hadi 269 mwaka 2010, mengi yakitegemea wafadhili wa nje na baadhi yakiendeshwa kwa jina la imani yetu, ingawa watoto wengi waliokuwemo walikuwa na mzazi aliye hai. Makao yanapojiendesha kwa sadaka za wageni, na wageni wanapokuja kuwaona watoto, anayeyaongoza anakosa sababu ya kuwarudisha watoto kwao, hata kama ni mtu mwema. Akiwa si mwema, ana sababu ya kuwatafuta wengine. Ndiyo maana mwaka 2017 kamati ya Bunge la Australia iliyochunguza utumwa wa kisasa ilizungumzia usafirishaji wa watoto kwa ajili ya kujaza makao, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya programu za kujitolea kwenye makao ya yatima.

Hapa nakuomba, kwa upole, umkumbuke bibi yako. Tuseme kwamba juma lile mlilomzika mama, watu wenye nia njema wangefika nyumbani na kumwambia bibi kwamba wanapo mahali penye vitanda, sare na shule, na kwamba wewe ungekula mara tatu kwa siku. Bibi ni mzee, ana huzuni, hajui atapata wapi daftari lako la kwanza. Je, angekataa? Mabibi wengi hawakukataa, na walifanya hivyo kwa upendo. Halafu tuseme watu walewale wangefika na kusema: "Bibi, tutakusaidia karo na chakula, mtoto abaki na wewe." Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia, na wewe unaijua kuliko mimi. Hata mstari wa Yakobo 1:27, ambao naamini umeusikia katika maandalizi ya safari yenu, unawataja yatima na wajane pamoja na kutuagiza tuwaendee katika dhiki yao. Mimi huusoma hivi: nyumba ya mjane ndipo mahali ambapo yatima angeweza kubaki.

Sitaki uelewe kwamba kila makao ni mahali pabaya au kwamba walezi wake hawana huruma. Wengi wao hufanya kazi ngumu usiku na mchana kwa ujira mdogo. Wapo pia watoto wanaohitaji mahali salama kwa muda kwa sababu nyumbani walikuwa wanapigwa au wananajisiwa, na watoto hao ndio wanaopaswa kulindwa zaidi dhidi ya wageni wasiojulikana.

Kuhusu kauli ya kiongozi wako kwamba upendo unatosha na nyaraka hazihitajiki, nitasema wazi kwamba amekosea, hata kama ni mtu wa sala na ninamheshimu. Mtu mwenye nia ya kumdhuru mtoto hatafuti mahali penye ukaguzi. Hutafuta mahali ambapo watu wanaaminiana, ambapo wageni hukaa siku chache na kuondoka, na ambapo mtoto hana mtu wa kumwambia. Safari ya umisheni isiyo na uchujaji ina sifa zote hizo, na barua ya mchungaji haiwezi kuchukua nafasi ya uchujaji, kwa kuwa mchungaji anamjua mtu kama anavyojionyesha kanisani. Kila mmoja wenu, pamoja na kiongozi, anapaswa kuwa na hati ya polisi kuhusu rekodi ya makosa ya jinai, kushuhudiwa tabia yake na watu wawili wasio ndugu zake, kuhojiwa, kupewa mafunzo ya ulinzi wa mtoto, na kutia saini kanuni za maadili zinazosema nini kitampata atakayezivunja. Mjihakikishie pia kwamba viza mliyoombewa inaruhusu kazi ya kujitolea, kwa sababu nchi nyingi hazihesabu kazi hiyo kuwa utalii.

Sasa nije kwenye semina ya watoto wa usharika, sehemu ambayo ina matumaini. Mtoto anayekuja asubuhi na kurudi jioni kwa mama yake, baba yake au shangazi yake tayari ana watu wake. Mwalimu wa siku tano kwake ni mgeni wa kupendeza, na akiondoka mtoto atasikitika kidogo kisha maisha yataendelea, kama anavyosikitika binamu wanaporudi kwao baada ya likizo. Hata hivyo, nakushauri mwalimu mkuu wa semina awe ni wa pale pale, anayeijua lugha ya watoto na majina yao, na ninyi muwe wasaidizi wake. Mkifanya kinyume, watoto watajifunza kwamba wenye maarifa hutoka mbali, na mwalimu wao wa Jumapili atabaki ameshushwa hadhi mbele yao.

Katika siku hizo usiwe peke yako na mtoto mahali ambapo hakuna anayewaona, hata kwa nia ya kumfariji. Mtoto anayetaka kwenda chooni apelekwe na mtu mzima wa usharika anayemfahamu. Usimwite mtoto akukumbatie au akae mapajani. Akikukumbatia yeye mwenyewe, mpokee kwa ubavu, mbele ya watu, kwa muda mfupi, bila kumsukuma. Usitoe peremende wala zawadi kwa mtoto mmoja mmoja. Vilivyoletwa vipewe uongozi wa usharika ugawe wenyewe, ili mkono unaompa mtoto uwe ni wa mtu atakayeendelea kuwepo. Usiahidi kurudi, kumsomesha wala kumwandikia, maana ahadi ya mtu mzima ambayo kwako ni neno la kuagana, kwa mtoto ni tarehe anayoanza kuihesabu. Usibadilishane naye namba za simu.

Picha zinanisumbua zaidi ya mambo mengine madogo, kwa sababu kila mtu anaona ni za kawaida. Simu iache mfukoni. Kama usharika unataka kumbukumbu, mtu mmoja apige picha kwa ruhusa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe, pasiwe na majina wala jina la mahali, na asipigwe mtoto anayelia, aliyevaa nusu, au aliyeshikwa katika hali ambayo wewe usingependa mwanao aonekane nayo. Picha ikishaingia kwenye intaneti haimtoki tena mtoto huyo, na huenda miaka kumi na tano baadaye, akiomba kazi, bado anaonekana kama yatima wa video ya watu fulani.

Jambo jingine wenzangu wa imani huwa wanaligusa kwa tahadhari: wito wa kuokoka. Mtoto wa miaka sita anayezungukwa na wageni wenye nyimbo, puto na zawadi atainua mkono kwa lolote watakalouliza, kwa kuwa anataka kuwapendeza. Fundisheni hadithi, imbeni, ombeni pamoja, lakini mikono iliyoinuliwa msiihesabu kwa ajili ya ripoti ya nyumbani. Uamuzi wa mtoto kuhusu imani waachiwe wazazi wake na kanisa lake, watakaotembea naye.

Nikae kidogo kwenye jambo ambalo hakuna video inayolionyesha. Inawezekana mtoto akakuambia kwamba mtu fulani anampiga, au anamgusa vibaya. Mara nyingi huanza kwa mzunguko, tena katikati ya shughuli nyingine, labda mkiwa mnapaka rangi: "Mimi sipendi usiku." Ukisikia hivyo, usishtuke usoni na usimkatize. Msikilize. Ukihitaji kuuliza, uliza swali lililo wazi kama "Kisha ikawaje?" na usimtajie mtu wala kitendo, kwa sababu ukimtajia utakuwa unamwekea maneno mdomoni na unaweza kuharibu ushahidi. Usimwahidi kwamba utaitunza siri. Mwambie kwamba amefanya vyema kusema, kwamba si kosa lake, na kwamba utamweleza mtu ambaye kazi yake ni kuwasaidia watoto. Siku hiyohiyo andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na saa na mahali, kisha umkabidhi mtu aliyeteuliwa kwa ulinzi wa mtoto. Usimkabili mtuhumiwa, usiisimulie timu nzima kwenye maombi ya jioni, na usikubali kuambiwa kwamba jambo hilo litaaibisha kanisa. Kama anayetuhumiwa ni kiongozi wenu au wa mahali pale, nenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii au polisi wa nchi hiyo, na mtoto akiwa katika hatari ya sasa hivi usisubiri hata kesho. Ndiyo sababu jina na namba ya afisa huyo mnapaswa kuwa nazo kabla hamjasafiri.

Kuna njia za kufanya na zile siku nane. Timu yenu inaweza kuomba zibadilishwe: badala ya kuingia kwa watoto, mfanye kazi zinazompunguzia mlezi mzigo ili apate muda wa kukaa na watoto wake. Fueni mablanketi, pakeni rangi ukuta, rekebisheni paa kama miongoni mwenu kuna mafundi wa kweli. Njia nyingine ni kuuliza kama usharika mwenyeji unawajua wajane na mabibi wanaolea wajukuu, mkatumia siku hizo kuwasikiliza na kujua ni msaada gani ungewawezesha kubaki na watoto. Njia ya tatu ni kutosafiri, na mchango wako ukaelekezwa kwenye kazi ya kuwarudisha watoto kwenye familia zao chini ya usimamizi wa maafisa wa ustawi wa jamii. Kama nyumbani kwenu kuna utaratibu wa malezi ya kambo, waweza pia kumtembelea mara kwa mara mlezi wa kambo aliye karibu nawe na kumsaidia. Kazi hiyo haina video ya kuagana, lakini naamini inakufaa zaidi wewe uliyelelewa na bibi.

Kila njia ina gharama, na sitakuficha. Ukiomba mabadiliko, huenda baadhi ya wenzako wakakuona mtu wa kuharibu mambo. Ukijiondoa, huenda fedha uliyokwisha kulipa isirudi. Lingine la haki ni kwamba mtu akisafiri kwa unyenyekevu anajifunza mengi na huweza kurudi akiwa msemaji mzuri wa watoto kwa maisha yake yote, na faida hiyo siidharau. Ila tuseme ukweli kwamba ni faida ya msafiri, na haifai ilipwe na mtoto wa miaka miwili. Angalizo moja pia: makao yakipoteza wageni na fedha kwa ghafla, watoto waliomo wanaweza kukosa chakula. Kanisa lenu likishakuwa mfadhili lisikate msaada siku moja, bali likubaliane na makao pamoja na ustawi wa jamii kuhusu jinsi ya kuwarejesha watoto kwao hatua kwa hatua, huku fedha zikiwafuata kwenye familia.

Kuna jambo moja linalokuhusu wewe mwenyewe. Umeandika kifo cha mama yako katika sentensi moja, ukaendelea. Mtu aliyefiwa akiwa mdogo anaweza kuwa mhudumu mzuri sana wa watoto, na anaweza pia, bila kujua, kuwakumbatia akimtafuta yule mtoto wa miaka sita aliyekuwa yeye. Hilo si kosa wala aibu, lakini linahitaji mahali pake. Kama kilio ulichopata kwenye video kilikaa nawe siku nyingi, kama unaota ndoto za mama, unakosa usingizi, au unahisi kwamba usipowafikia watoto hawa maisha yako hayana maana, tafuta mshauri nasaha uonane naye ana kwa ana kabla ya kuamua lolote. Mchungaji mwenye mafunzo ya unasihi anaweza kuwa mwanzo mzuri. Barua kama hii haiwezi kufanya kazi hiyo.

Mwisho wa mwezi uko karibu, kwa hiyo zungumza na kiongozi wako wiki hii, mkiwa wawili, kabla hujalipa sehemu ya pili. Muulize kama makao hayo yamesajiliwa na yanakaguliwa na nani. Muulize ni watoto wangapi kati ya arobaini wana mzazi au ndugu, na wangapi walirudishwa kwao mwaka jana. Muulize mtu wa ulinzi wa mtoto ni nani, katika timu yenu na kule mnakokwenda. Muulize kama yuko tayari kuzibadilisha zile siku nane. Akiyapokea maswali hayo, hata kama hana majibu yote, omba mzungumze tena baada ya wiki moja na ujitolee kumsaidia kuyatafuta. Akikwambia kwamba maswali hayo ni ukosefu wa imani, usilipe.